Leilah Babirye, mkimbizi wa Kampala aliyejifinyangia ukoo

Katika majira ya joto ya mwaka 2023, msanii mmoja mzaliwa wa Kampala alifika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akapewa mahali pa kufanyia kazi, magogo ya miti, udongo na watu wa kumsaidia. Alipomaliza aliacha nyuma yake kundi la sanamu. Baadhi ni za mbao, ndefu kupita mtu, zimechongwa kwa msumeno wa mashine kisha zikachomwa hadi zikawa nyeusi. Nyingine ni za udongo, zimepikwa na kupakwa rangi inayong'aa kama jiwe lililotoka mtoni. Mwezi Machi 2024 zilifunguliwa kwa watu ndani ya kanisa dogo la zamani, lililojengwa mwaka 1744, katika bustani ya sanamu iitwayo Yorkshire Sculpture Park. Maonyesho hayo yaliitwa Obumu. Neno ni la Kiganda, lakini sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kamusi: ni umoja.

Msanii huyo anaitwa Leilah Babirye. Alizaliwa mwaka 1985. Kwa Waganda, Babirye ni jina la mapacha: anapewa msichana aliyetangulia kutoka tumboni.

Mtu aliye Mpofi, pale Masisi inapokutana na Walikale, anaweza kuuliza habari hii inamhusu nini. Huku watu wanahesabu siku ambazo barabara imefunguka. Mwezi Machi 2025 vita vilipanda kutoka upande wa Masisi kuelekea Walikale-centre, ambako waasi wa M23 waliingia tarehe 19, na familia nyingi zikalala msituni. Sanamu za Uingereza zinaonekana kuwa mambo ya watu walioshiba. Lakini ndani ya habari hii kuna mkimbizi, kuna ukoo, kuna udongo wa chungu, na kuna jiwe ambalo wachimbaji wa Walikale wanalijua kwa uzito wake mkononi. Kwa hiyo tuiangalie taratibu.

Tuanze na ukimbizi. Kwa Wakongomani wa mashariki, Uganda ni mahali pa kukimbilia. Nchi hiyo inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na zaidi ya 500,000 kati yao wametoka kwetu. Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, Kyaka: majina haya yanajulikana Masisi kama majina ya masoko ya jirani. Ni vigumu kidogo kufikiri kwamba kuna Mganda, mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Makerere, aliyelazimika kuikimbia nchi hiyohiyo.

Babirye alisoma sanaa Makerere kuanzia mwaka 2007 hadi 2010. Ni mwanamke anayependa wanawake. Mwezi Februari 2014 Rais Museveni alitia sahihi sheria kali dhidi ya watu wa namna hiyo. Mahakama ya katiba iliifuta mwezi Agosti mwaka huohuo, kwa sababu bunge liliipitisha bila idadi ya wabunge inayotakiwa. Sheria ilikufa kwenye karatasi, hofu ikabaki mitaani. Mwaka 2015 habari za maisha yake ziliwekwa hadharani katika vyombo vya habari, na kubaki Kampala kukawa hatari.

Kilichomtoa ni kitu ambacho wasanii wanakiita rezidansi. Maana yake, kwa kifupi, ni kwamba taasisi inamkaribisha msanii kwa wiki au miezi, inampa pa kulala na pa kufanyia kazi, naye anaacha mengine yote ili atengeneze. Kuna kisiwa karibu na New York kinachoitwa Fire Island, chenye rezidansi ya wasanii wapenzi wa jinsia moja. Walimpokea mwaka huo wa 2015. Alipofika hakurudi nyumbani. Mwaka 2018 Marekani ilimpa hifadhi, na tangu hapo anaishi na kufanya kazi Brooklyn.

Kuna wasomaji watakaotaka kufunga ukurasa hapa, kwa sababu ya imani yao au malezi yao. Nawaomba wavumilie kidogo. Mtu aliyewahi kubeba godoro kichwani usiku akitafuta mahali ambapo hatatafutwa, anaelewa sehemu kubwa ya habari hii bila kufundishwa na mtu.

Babirye amesimulia mara nyingi asili ya kazi yake, na asili hiyo ni tusi. Kwa Kiganda, watu kama yeye wanaitwa abasiyazi, neno analolifungamanisha na ebisiyaga, yaani makapi ya muwa. Unaumenya muwa, unatafuna, unameza utamu, makapi unatema. Hicho ndicho walichoitwa: kitu cha kutemwa. Yeye akaamua kufanya kazi kwa vitu vya kutemwa. New York aliokota vyuma, nyaya, minyororo na mipira ya ndani ya baiskeli, hiyo ambayo huku tunaiona kila siku ikifunga mizigo kwenye chukudu. Mipira hiyo akaisuka kuwa nywele juu ya vichwa vya udongo. Chuma kilichotupwa kikawa hereni au taji.

Kisha akaja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kazi yake yote. Aliwapa watu hao wa udongo koo.

Buganda ina koo zaidi ya 50. Kila moja ina mnyama wake, mmea wake au kitu kingine cha mwiko: Ngabi ni wa swala, Nseenene ni wa senene, na kadhalika. Mtoto anafuata ukoo wa baba yake. Ukilisikia jina la Mganda mara nyingi unajua ukoo wake, unajua kama unaruhusiwa kumuoa, na unajua mababu zake walizikwa upande gani. Mtu aliyefukuzwa na watu wake hapotezi chakula na nyumba tu. Anapoteza jibu la swali la kwanza ambalo kila mtu atamuuliza. Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale ni vilevile: anayekuuliza wewe ni nani, kwa kweli anakuuliza wewe ni wa nani.

Babirye anazipa sanamu zake majina halisi ya Kiganda, halafu anaongeza neno moja: kuchu. Ndilo neno ambalo wapenzi wa jinsia moja wa Uganda wanajiita wenyewe, bila matusi ndani yake. Hivyo kichwa cha udongo kinakuwa fulani wa ukoo wa Kuchu Ngabi, yaani ukoo uleule wa swala, lakini upande wa wale waliofukuzwa. Maonyesho yake ya mwaka 2020 mjini New York aliyaita Ebika Bya ba Kuchu mu Buganda, koo za makuchu katika Buganda. Ameunda pia walinzi wa mfalme na mama wa mfalme kwa mtindo huo. Hakuomba ruhusa kwa mzee yeyote wa ukoo. Wapo watakaoona ni utovu wa adabu, na sidhani kama wanakosea kabisa, kwa maana ukoo ni mali ya wengi na mmoja hawezi kuuchukua kama chombo chake. Lakini angeomba ruhusa kwa nani, naye amekwisha kutolewa nje ya mlango?

Turudi kwenye udongo wenyewe, maana hapo ndipo mikono ya watu wa huku inaweza kusema.

Katika Kivu watu wanajua kufinyanga. Wambuti wa Kalehe na wa kisiwa cha Idjwi wanajulikana tangu zamani kwa nyungu zao, na wakati mwingine nyungu hizo ndizo zilizokuwa njia yao pekee ya kupata maharagwe na mihogo kutoka kwa majirani wenye mashamba. Wengi wao walisukumwa kutoka msituni katika miaka ya 1970, wakati mbuga ya Kahuzi-Biega ilipowekwa. Na hapa kuna ajabu ambayo wazee wanaijua lakini hawapendi kuitaja: jirani alipikia maharagwe katika chungu cha Mmbuti, akanywea maji ya mtungi wa Mmbuti, halafu akakataa kunywa kikombe kimoja naye. Siku hizi sufuria na bidoni ya plastiki vimeiondoa nyungu jikoni, na dharau imebaki bila hata chungu.

Nyungu ya kwetu inapikwa kwa moto wa wazi. Mama anapanga vyungu, anavifunika kwa kuni, majani makavu na nyasi, anawasha. Moto huo unafika nyuzi joto 600 hadi 900 hivi. Udongo unakuwa mgumu, haurudi tena kuwa matope, lakini unabaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Ndiyo maana mtungi unatoa jasho, na ndiyo maana maji yake ni baridi hata mchana wa jua kali: jasho hilo likikauka linaondoka na joto.

Sanamu za Babirye zinapita kwenye moto mara mbili. Kichwa kikubwa cha udongo hakiwezi kuwa kizito ndani kama tofali. Lazima kiwe na uwazi, na kuta zake zisiwe nene sana, la sivyo kitapasuka. Kwa hiyo wafinyanzi wa sanamu kubwa hujenga kwa kuviringisha udongo kama kamba na kuzipanga kamba hizo moja juu ya nyingine, wakizibana na kuzilainisha. Ni njia ileile ya nyungu. Kisha kitu kinakaa kukauka, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Kikiingia katika tanuru kikiwa bado na unyevu, maji yanageuka mvuke ndani ya ukuta na kazi ya mwezi mzima inalipuka. Anayechoma matofali anajua hasara ya kuwasha tanuru mapema.

Moto wa kwanza, wa nyuzi karibu 1,000, unaukaza udongo. Baada ya hapo kinakuja kile ambacho nyungu yetu haina: glezi. Ukiichukua sahani nyeupe ya chai jikoni na kuigeuza, utaona chini yake duara isiyong'aa, ya kukwaruza. Huo ni udongo mtupu. Sehemu nyingine zote zimefunikwa na ganda jembamba la kioo. Ganda hilo ndilo glezi.

Inatengenezwa kwa mawe yaliyosagwa. Ya kwanza ni silika, ile iliyo katika mchanga mweupe, ambayo ndiyo kioo chenyewe. Lakini silika peke yake inahitaji nyuzi karibu 1,700 ili iyeyuke, na hapo udongo wa kawaida utakuwa umekwisha kuharibika. Kwa hiyo inachanganywa na kitu cha kuilainisha, kwa mfano majivu ya kuni au aina fulani za mawe, na inatiwa udongo kidogo ili isitiririke yote hadi chini. Vyote vinakorogwa na maji vikawa kama uji, sanamu inapakwa au inamwagiwa, inarudishwa katika tanuru. Sasa uji ule unayeyuka, unaushika udongo, na ukipoa unakuwa kioo.

Ugumu wake ni kwamba kabla ya moto glezi haionyeshi rangi yake. Msanii anapaka kitu cha kijivu au cha waridi hafifu kama chaki, na tanuru ndiyo inayoamua kama kitatoka buluu au kijani. Ikiwa nzito mno, inadondoka. Babirye anaiacha idondoke. Katika sanamu zake glezi inateremka kwenye mashavu, rangi moja inaingia katika nyingine, na uso mzima unaonekana kama uliokuwa ukilia au ukitoka jasho. Fundi wa vikombe angeitupa kazi ya namna hiyo. Yeye ndiyo anayoitafuta.

Na rangi zinatoka wapi? Hapa mtu wa Congo ainue kichwa. Buluu ya glezi inatoka katika kobalti. Kijani inatoka katika shaba, na shaba hiyohiyo inatoa nyekundu ikiwa tanuru imenyimwa hewa. Kahawia ni chuma. Na nyeupe, ile nyeupe nzito isiyoruhusu udongo kuonekana chini yake, tangu karne ya 9 mafundi wa Iraki waliipata kwa oksidi ya bati. Oksidi ya bati ni nini? Ni kile kinachofanya jiwe la kasiterite kuwa kasiterite. Jiwe lenyewe ndilo hilo la Bisie, katika teritware ya Walikale, ambako mgodi wa kampuni ya Alphamin peke yake unatoa takriban asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Kobalti nayo, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Katanga ya zamani.

Sisemi kwamba glezi ya sanamu fulani iliyoko Yorkshire imetoka Bisie. Madini yakishaingia sokoni hayana tena pasipoti. Lakini kijana wa Walikale aliyebeba mfuko wa kasiterite mgongoni kwa siku mbili msituni amebeba pia, bila kuambiwa, weupe wa sahani na wa sanamu. Tumezoea kuambiwa kwamba jiwe hilo linaishia ndani ya simu. Kwa zaidi ya miaka 1,000 limekuwa likiishia pia katika vyombo ambavyo watu wanaviweka mahali pa heshima ndani ya nyumba.

Tuseme pia kuhusu wakati. Babirye alikuwa Yorkshire katika majira yaleyale ambapo nchi yake ilikuwa imerudisha sheria kwa ukali zaidi. Museveni aliitia sahihi mwezi Mei 2023, na safari hii kuna makosa yanayoweza kuhukumiwa kifo. Maonyesho ya Obumu yalifunguliwa tarehe 23 Machi 2024. Siku 11 baadaye, tarehe 3 Aprili, mahakama ya katiba mjini Kampala ilikataa kuifuta sheria hiyo, isipokuwa vipengele vichache. Kwa hiyo zile sura zenye jina la umoja zilikuwa zimesimama katika kanisa la Waingereza huku majaji wa kwao wakisoma uamuzi. Habari za sanaa mara nyingi zinapita bila kutaja tarehe; hapa tarehe zinasema zaidi ya maelezo.

Mwaka huohuo wa 2024 Babirye alialikwa katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, yaliyopewa jina linalosema kwamba wageni wapo kila mahali. Huko Venice, katika jengo la Uholanzi, walikuwapo pia Wakongomani: kikundi cha CATPC, wafanyakazi wa mashamba ya michikichi kutoka Lusanga, jimbo la Kwilu, mahali palipoitwa Leverville wakati wa ukoloni. Nao wanaanzia kwenye udongo. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa kwao, sanamu zinapigwa picha za kompyuta, kisha zinatolewa upya Ulaya kwa chokoleti, kwa kakao na mafuta ya mawese, mazao yaleyale ambayo babu zao walilazimishwa kuyatoa. Zikiuzwa, fedha inarudi Lusanga kununua ardhi. Wamekwisha kupata zaidi ya hekta 200 zilizokuwa za kampuni, nao wanazirudishia miti na chakula.

Nikiwapima hawa wawili, naona Lusanga wana kitu ambacho Babirye hana: mahali pa kurudishia faida. Masisi, ambako nusu ya vita ni ugomvi wa mashamba makubwa yaliyoanza kwa wakoloni, hatuhitaji kufafanuliwa thamani ya hekta moja iliyorudi mikononi mwa mlimaji. Mkimbizi hana hekta. Ana majina anayoyakumbuka, na lugha. Ndiyo sababu, nadhani, Babirye hajaacha kuandika Kiganda kwenye kazi zake, ingawa wanunuzi wake wengi hawawezi kukisoma. Kutafsiri amewaachia wao.

Mwezi Juni 2024, wakati sanamu za Yorkshire zilikuwa bado kanisani, alifungua maonyesho mengine katika jumba la makumbusho la de Young, San Francisco. Aliyaita Tuna Historia, kwa Kiingereza. Humo vichwa vyake vya udongo na vya mbao viliwekwa pamoja na sanamu za kale za Afrika zinazohifadhiwa na jumba hilo. Nyingi kati ya sanamu za namna hiyo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani zina kibao kinachotaja kabila na karne, bila jina la aliyezichonga wala la mtu anayeonyeshwa. Zile za Babirye zina majina yote mawili, na ukoo.